Mgeni wa Jumanne

Kila Jumanne muuguzi wa zahanati huingia kwa Bibi Oliva, huko Maruku, na kupiga magoti kumsalimia kama binti yake. Kisha huinuka taratibu bila kushika kitu. "Umeona, Bibi? Sasa wewe, inuka kitini." Humhesabia kwa sauti ya chini, viganja vikiwa tayari chini ya viwiko vya bibi, bila kumgusa. Halafu hufunua chungu. "Ndizi tupu tena? Maharage yamegoma?" Hutoa dagaa wakavu mkobani na kuwatia humo mwenyewe. Akifika mlangoni husema lile lile: "Bibi gani huyu hasindikizi wageni!" Bibi hucheka huku moyo ukimuuma, maana tangu aanguke hajavuka kizingiti peke yake, na mwanawe anataka kumhamishia Mwanza, mbali na migomba yake.

Jumanne hii muuguzi alipoaga, bibi aliinuka bila kushika kitu, akamfuata nje. Muuguzi alipunguza tu hatua zake, mpaka wakafika mwisho wa kibanja chake cha migomba.

"Asante, waitu," bibi alisema, akimwita kwa neno la heshima la kwao.

"Asante wewe, Bibi. Leo nimesindikizwa."

Akapiga magoti kumuaga, pale pale topeni, na gauni lake jeupe.