Pacha wangu Doto, surua, na kijiko kimoja cha asali

Wakuu, habari za humu ndani. Wazee wenzangu shikamooni. Vijana marahaba, hata kama hamjaamkia.

Juzi kulikuwa na uzi humu kuhusu wataalamu wa nje wanaojaribu bigijii ambayo ukiitafuna inanasa virusi mdomoni, ili ukikohoa au ukiongea usimwambukize mwenzio. Wengine wakataja dawa za kusukutua na za kupuliza mdomoni. Komenti zikawa vicheko vitupu. Mmoja akasema tutatafuna kama mbuzi.

Mimi sikucheka. Nilizima simu, mjukuu akaniuliza kama naumwa.

Ninachoandika hapa kilinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Anayetaka kusema ni chai aseme, ila asiniwekee sukari, nina kisukari.

Jina langu la nyumbani ni Kulwa.

Waliotoka kwetu wameshaelewa. Kwa wengine: kwa Wanyamwezi na Wasukuma, pacha anayetangulia kuzaliwa anaitwa Kulwa, anayefuata ni Doto. Huchaguliwi jina, unazaliwa nalo.

Tulikaa porini upande wa Ipole, kusini mwa Tabora. Baba alikuwa mrina asali. Nyumba yetu ilikuwa peke yake, hata jirani wa karibu ukimwita hasikii.

Halafu ukaja wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Tukapelekwa kijiji kipya kando ya ile njia ya zamani waliyopita babu zetu na mizigo ya pembe za ndovu kwenda pwani. Nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango unatazamana na mlango.

Sisemi Ujamaa ulikuwa mbaya. Pale ndipo nilipojua kusoma, na bila Ujamaa msingekuwa mnanisoma sasa hivi. Nasema tu kwamba zamani kikohozi kikiingia kwetu kiliishia kwetu. Kijijini kilipita nyumba hadi nyumba kama balozi wa nyumba kumi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shina la habari yenyewe.

Kwetu mapacha hawatengwi katika jambo lolote. Kulwa akinyolewa, Doto ananyolewa. Kulwa akichapwa, Doto naye anachapwa, hata kama alikuwa amelala. Hilo Doto hakulipenda kabisa na alilisema mbele ya wageni.

Na dawa ni hivyo hivyo. Mmoja akiumwa wanakunywa wote, kijiko kimoja, nusu huyu nusu huyu, bila kukifuta. Ilisemwa kwamba ukimpa mmoja tu, mwingine ataona wivu moyoni, na pacha mwenye wivu huondoka duniani. Mama aliliamini jambo hili kwa sababu alitupenda.

Doto alikuwa msemaji. Mimi mkimya. Nikiulizwa swali, yeye ndiye anajibu. "Kulwa anasema ameshiba," na mimi nina njaa, halafu sahani yangu anaimaliza yeye. Nilimkasirikia sana kwa hilo. Leo ningempa sahani zote.

Mwaka mmoja surua ikaingia kijijini.

Ilinianza mimi. Homa, macho mekundu, makamasi, kisha vipele mwili mzima. Mdomo ukawa vidonda vitupu, hata maji yalikuwa yanachoma.

Bibi, mzaa baba, akatengeneza dawa yake: asali ya nyuki wadogo, maji ya vuguvugu na mzizi fulani uliosagwa. Mzizi siujui jina. Asali kweli ilituliza koo, sitaidanganya. Nusu kijiko nikanywa mimi, nusu akanywa Doto. Yeye hakuwa anaumwa chochote, alikuja mbio kwa sababu ya utamu.

Zahanati ya kijiji ilikuwa na nesi mmoja, tumwite nesi Zuwena, mtoto wa Tabora mjini, mwenyeji wa Chemchem. Alikuwa anapita nyumba zenye wagonjwa. Alipofika kwetu alimwamkia bibi, akakaa chini kwenye mkeka, akatutazama wote wawili.

"Mama Kulwa, asali mpe tu, haina ubaya. Lakini hawa wasitumie kijiko kimoja, na wasilale pamoja. Ugonjwa huu unatoka kwa mgonjwa kwa mdomo na pua. Huyu Doto mpeleke kwa ndugu asiye na watoto."

"Dada yangu, hawa ni mapacha," mama akasema. "Ukiwatenga unawaua."

"Usipowatenga, Mungu apishe mbali, utazika mmoja."

Bibi akadakia, "Humu ndani maneno ya kuzika hayasemwi."

Nesi akaomba radhi. Lakini hakuondoka mpaka mama alipokubali.

Kwa hiyo wakuu, mama alijaribu. Hili nataka lieleweke, maana kuna ndugu walimsema mpaka wakazeeka nalo. Doto alipelekwa kwa shangazi, upande wa pili wa kijiji.

Akagoma kula. Shangazi akigeuka tu, mtoto hayupo. Anakuja kukaa nje ya nyumba yetu, nyuma ya ukuta ule niliolalia, anaongea na mimi kupitia kwenye ufa.

"Kulwa, umeshakunywa?"

"Nimekunywa."

"Nibakizie."

Shangazi anamfuata, anambeba, Doto analia njia nzima. Kesho yake amerudi tena, midomo imekauka. Bibi akamwambia mama, "Mwangalie mwenyewe. Ameshaanza kuondoka."

Mama alisimama pale mlangoni muda mrefu. Mbele yake maneno ya nesi, nyuma yake maneno ya mama mkwe, na nje mtoto wake anayekataa kula. Ninyi mngefanya nini? Msinijibu haraka.

Akafungua mlango.

Doto akaingia chini ya blanketi langu na miguu yake ya baridi. Nilifurahi, wakuu. Nilifurahi mno. Mama akaleta kijiko, nusu mimi, nusu yeye, na jioni hiyo Doto akala ugali wake wote. Nyumba nzima ilipumua.

Mimi nikapona, ngozi ikabambuka nikarudi kucheza. Yeye ndipo alipoanza. Vipele vyake vilitoka kidogo tu, lakini ugonjwa uliingia kifuani, akawa anahema kwa shida, mbavu zinaonekana. Nesi akasema hii si ya zahanati tena. Baba akampakia kwenye baiskeli, nesi akapanda ya kwake, wakaondoka kwenda hospitali.

Walirudi bila kufika huko.

Kwetu mwanaume habebi mtoto mgongoni. Siku ile tulimwona baba anakuja barabarani anaikokota baiskeli, na Doto amefungwa mgongoni kwake kwa kanga ya nesi. Mama alikaa chini palepale alipokuwa.

Bibi alimkataza kulia kwa sauti, eti anayemlilia pacha anamwita na aliyebaki. Mama akalia kimya, anauma kanga. Mimi mpaka leo nikiona mtu anauma nguo napata shida.

Baada ya mazishi mama alimuuliza nesi jambo moja tu. "Ni kile kijiko?"

Nesi alikuwa mkali kazini, lakini hapo alimshika mikono. "Mama Kulwa, surua inaambukiza kabla hata vipele havijatoka, tena kwa hewa tu. Huenda alikuwa nayo tangu siku ile ya kwanza nilipokuja. Sijui. Hakuna anayejua."

Ukubwani nimewauliza madaktari, wamenijibu hivyo hivyo. Mama hakuwahi kukubali. Kwake kilikuwa kijiko, basi.

Kuna mila ambayo wengi wenu hamjaiona. Pacha akifa, mama huvaa kibuyu kidogo shingoni, na kila anachompa mtoto aliyebaki, anatia kidogo humo kwa ajili ya yule aliyekwenda. Bibi alikikausha yeye mwenyewe akamvalisha mama. Punje ya wali, tone la maziwa, kipande cha kiazi. Nikipata kitu, Doto naye anapata.

Kipupwe kilichofuata nikashikwa na kikohozi. Nesi akatoa dawa ya maji. Mama alikuwa amenunua kijiko kipya, akaninywesha, akakiosha kwa maji ya moto, akakiweka kando. Nikajua tumemaliza.

Akatoa kijiko kingine kwenye upindo wa kanga. Akamimina tone, akalitia kwenye kibuyu, akakiosha na kijiko hicho peke yake.

"Hiki cha Doto," akasema. "Hawachangii tena."

Somo nililolipata ni hili. Nesi alikuwa sahihi na mama alikuwa anatupenda, na kati yao hapakuwa na kitu cha kumpa mama mkononi. Aliambiwa atenge tu. Kwa hiyo nikisikia kuna watu wanatafuta kitu cha kutia mdomoni ambacho mgonjwa anatumia ili mwenzie abaki salama, na mwenzie naye anaweza kupewa, siwezi kucheka. Sijui kama kitafanya kazi, na kwa surua sina hakika kabisa. Najua tu kwamba mama yangu angetembea kwa miguu mpaka kinakouzwa, angenunua viwili. Na wenye watoto, chanjo ya surua ipo siku hizi, wapelekeni.

Sasa nina swali, hasa kwa watu wa Sikonge, Uyui na Tabora mjini wanaojua mila.

Mama tulishamzika. Siku ile kwenye msukosuko waliomwosha walikivua kibuyu, hakuna aliyekumbuka kuuliza kiende wapi, mwishowe nikakikuta juu ya kitanda. Je, kilitakiwa kizikwe naye, au kinabaki kwa pacha aliye hai? Wazee niliowauliza wanatofautiana.

Ninacho kabatini. Nikipika kitu kizuri, bado natia kidogo.