Fasta, na Maksai wa Baba

Asubuhi ile bado naiona, mwanangu. Nilikuwa msichana, tunaishi Bukundi, na baba alikuwa ameondoka jana yake kwenda mnadani. Akaja kijana nisiyemjua, kwa baiskeli. Akatoa salamu ya asubuhi, mwangaluka, haraka haraka, macho tayari yako zizini.

"Baba yako kanituma nichukue wale maksai wa kulimia. Amepata mteja. Fasta, binti, lori linaondoka."

Jina la baba alilijua. Nami sikuzoea kumhoji mgeni, basi nikaanza kuondoa miiba mlangoni pa zizi.

Baba mdogo, mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa nyumbani likizo, akaja na kigoda chake akaketi palepale mlangoni.

"Fasta," akasema. "Neno la Waingereza hilo. Unajua kwao lilianza na maana gani?"

"Mwalimu, lori," kijana akadakia.

"Lilikuwa la kushika imara. Hata leo mlango uliofungwa ukakazwa wanautaja kwa neno hilo. Baadaye wakalitumia kwa mtu anayekimbia kwa nguvu bila kulegea, ndipo likawa la mbio."

Kijana alikuwa anatazama njia. Baba mdogo akamwuliza kwa upole maksai wale wanaitwaje, maana baba hakuwahi kuagiza ng'ombe wake bila kuwataja majina. Akasema amesahau.

"Hapana shida. Kunywa uji, kisha nitakusindikiza mpaka kwenye lori."

Nilipotoka na uji, baiskeli haikuwepo.

Baba alirudi jioni. Hakuwa amemtuma mtu. Lakini kijiji cha pili mama mmoja mjane aliwatoa maksai wake siku hiyohiyo, kwa kuhimizwa vilevile: fasta, lori linaondoka. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono, yeye na wanawe, na pamba yake ilimezwa na majani. Nilimwona kwa macho yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, simu ikilia na sauti usiyoijua ikikuhimiza ufanye jambo sasa hivi, mimi nataka uwe na shaka, wala usione haya. Mwenye shida ya kweli atasubiri umwulize swali moja. Hata akikwambia mimi nimeanguka, nipigie mwenyewe kwanza. Nisipopokea, mpigie jirani.

Mungu akupe moyo usioogopa kuuliza, akulindie mifugo na watoto, na kila unachokipanda ukivune wewe.