Kikuba cha Bausher

Kila Ijumaa baada ya mvua za baridi, Kheiria na mama mkwe wake, Bi Shaikha, walitoka Ansab, Omani, kwa miguu kwenda mandari kwenye chemchemi ya maji moto ya Bausher. Walibeba birika la kahawa na mkate wa kumimina. Kwao Unguja kikuba kilikuwa cha asumini. Huku Kheiria alichuma vimaua vya manjano vya bondeni, akavifunga pamoja na rehani, akavibandika kifuani. Mke hujipambia mumewe, na Thani, mumewe, alibaki Unguja wao walipokimbia mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne. Miaka mitatu Kheiria alimngoja kwa maua.

Ijumaa moja akawafuata huko Mahfoudh, binamu yake Thani, aliyewasili kutoka Mombasa. Alipokiona kikuba aliduwaa.

"Shemeji, unavaa maua kama mwenye mume? Mbona niliandika mwaka ule ule? Thani alifariki Ramadhani ile."

Kheiria hakulia. Miezi minne na siku kumi za eda zilikwisha pita zamani, naye kazipitisha kwa maua na vicheko. Akamgeukia mama mkwe wake.

Bi Shaikha alikuwa katia miguu majini. Hakuitoa.

"Barua nnayo. Nimeishonea ndani ya mto wangu."

"Kwa nini, Mama?"

"Ungekaa eda, ungemaliza, ungeolewa ukenda zako. Mie ningebaki na nani wa kumngoja mwanangu?"

Wizi una namna nyingi, lakini kumwibia mwanamke eda yake, huo sijapata kuusikia kwengine. Kheiria alighadhibika. Alikifungua kikuba, vimaua vikachukuliwa na maji.

Mahfoudh alimwambia taratibu kuwa eda huhesabiwa tangu siku ya kifo. Yake ilikwisha, hana deni. Kama anataka, kesho atampeleka Mombasa kwa mamake mzazi, aliyekimbilia huko.

Kheiria aliimwaga kahawa iliyokwisha poa.

"N'taikaa eda yangu," alisema.

"Nyumbani kwa nani?" akauliza Mahfoudh.

"Kwa mamake Thani."

Akamshika mkono Bi Shaikha, akamtoa majini, akampangusa miguu kwa mtandio wake. Bibi yule alikuwa analia kwa sauti sasa, kilio cha miaka mitatu.

"Lakini barua, Mama," Kheiria akamwambia, "utanisomea wewe."