Mwendo wa Themanini Hadi Mikumi

Ile honi ya nyuma yetu bado inalia kichwani mwangu.

Leo saa tatu asubuhi nilikuwa na usaili wa kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Mikumi. Basi liliniacha hapa Kilosa, Baba akasema nipande pikapu yake. Mnaoijua hiyo pikapu ya dizeli mnajua: imenizidi umri, na haivuki themanini.

"Baba, kanyaga kidogo."

"Nimekanyaga mpaka chini, mama."

Kwenye milima tulishuka hadi arobaini. Gari jeupe nyuma yetu likapiga honi bila kuchoka, maana kwa kona zile halikuwa na pa kupita. Nilijikunja kwenye kiti kwa aibu.

Tulifika nimechelewa dakika ishirini. Wenzangu wa usaili walikuwa bado nje, wanamsubiri meneja.

Gari jeupe likaingia getini nyuma yetu.

Ndiyo, jamani. Meneja ndiye aliyekuwa humo. Niambieni, nyinyi mngeficha uso wapi?

"Shikamoo, mzee. Nimekula moshi wako tangu Kilosa!"

"Marahaba, mwanangu. Honi niliisikia, ila mwendo wenyewe ndio ule wote."

Meneja akacheka mpaka akaegemea boneti. Akanigeukia.

"Basi tumechelewa wote. Ingia."

Kazi nimepata. Sijapumua hivi tangu nimalize chuo.

Jumatatu nahamia Mikumi na godoro langu. Nimeshamwambia Baba kwamba atanipeleka yeye, na tutaondoka saa kumi na moja alfajiri.