Unga wa Mama na Nyama ya Gaudensi

Mume wangu Gaudensi ni fundi baiskeli hapa Kashaulili, na ni fundi hasa. Nalisema mapema, kwa sababu nitakayoyasimulia ni ya nyama, na kwenye nyama alikuwa kichekesho.

Ugonjwa ulimwanzia mwaka 1995. Alikwenda Karema kutengeneza baiskeli za watu, wakamlisha nyama ya ng'ombe iliyobanikwa kwa moshi kutwa nzima, akarudi nyumbani hana mazungumzo mengine. Akatafuta pipa la mafuta lililotoboka, akalikata mlango chini wa kutilia kuni, na juu akapanga spoku na vyuma vya keria vikawa uchaga wa kulazia nyama. Tangu hapo kila Jumapili tukitoka misa, wenzake wanakwenda kucheza bao, yeye anavua shati la kanisani na kuinama mbele ya pipa. Hakuna aliyemtuma. Hakuuza hata kipande. Alipenda tu, kama wengine wanavyopenda mpira.

Mara ya kwanza alitumia kuni za mwarobaini, nyama ikatoka chungu kama klorokwini. Mara ya pili ikaungua nje, ndani mbichi. Na kwa kuwa mji wetu hauko mbali na mbuga, moshi wa nyama ukipanda uani kwa mtu watu hawafikirii mema. Siku moja bwana nyama akapiga hodi kuangalia kama hatufichi nyati. Gaudensi akamkatia kipande kwa fahari. Yule afisa alitafuna mpaka akachoka, akatema pembeni kwa adabu, akasema, "Ndugu yangu, hii ni ng'ombe. Jangili hawezi kuharibu nyama kiasi hiki." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Gaudensi alininunia siku mbili.

Mwaka uliofuata baba yangu alifariki, nikamleta Mama kutoka Inyonga. Sasa, kwa mila za kwetu, mama mkwe na mkwilima wake hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani, na mama hali chakula cha mkwilima. Gaudensi akajenga ua wa mabua katikati ya uwanja: huku chumba cha Mama na mafiga yake, kule sisi na pipa letu. Mama alikuja na unga wake mwenyewe, madebe mawili, na maharage. Siku ya kwanza tu akaniambia, "Edina, unga huu ukiisha, nami napanda lori narudi kwangu."

Kwake kulikuwa na nini? Nyumba tupu na kaburi. Mimi ndiye mwanaye pekee aliyebaki, na nilitaka akae nami mpaka mwisho. Kila asubuhi nilichungulia madebe yale, na kila asubuhi unga ulikuwa umeshuka. Siku moja nikamwongezea wetu kwa siri. Alionja uji wake mara moja, akasema, "Huu ni wa mashine nyingine," akaumwaga wote kwa kuku.

Lakini ua wa mabua hauzuii moshi. Jumapili ya kwanza Mama alikohoa akanyamaza. Jumapili ya pili uvumilivu ukamwisha. Baba alikuwa mrina asali, na Mama alikuwa akifuatana naye kambini porini tangu wakiwa vijana. Kubanika nyama alikujua kama ninavyojua kusuka nywele.

"Edina! Mwambie mwenye moshi, hiyo ni nyama, siyo matofali. Apunguze moto!"

Gaudensi alikuwa hatua tano kutoka kwake, amesikia kila neno. Lakini mila ni mila. Nikamgeukia, nikasema, "Upunguze moto."

"Mwambie nimepunguza."

"Amepunguza, Mama."

"Muongo. Naisikia inalia."

Ndivyo tulivyoishi miezi mitatu, mimi nikiwa simu ya kukoroga katikati ya watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa. Mama akasema nyama ilale na chumvi usiku kucha. Akasema kuni ziwe za mpera mkavu, na moshi uwe mwembamba. Gaudensi, ambaye mimi mkewe nikimwambia afunge mlango ananijibu kesho, alitii kila neno. Nyama ikaanza kuwa nyama. Akamchagulia Mama mnofu mzuri, nikaupeleka. Mama aliunusa, akafumba macho, akanirudishia. "Mwambie amejifunza. Lakini cha mkwilima sili."

Debe la kwanza liliisha. La pili likafika nusu, halafu robo, halafu nikaanza kusikia kata ikikwaruza bati. Mama akaniomba nimuulizie lori la Jumamosi.

Jumapili ya mwisho nilikwenda sokoni, na Gaudensi akatoka kuchota maji. Nyuma yetu mafuta yakadondokea makaa, pipa likalipuka moto. Mama alisikia, akaita, "Edina!" Kimya. Angefanya nini? Nyama inaungua!

Niliporudi nilikuta jambo ambalo sijaliona tena maishani. Mama yangu amevuka ua, amejifunika khanga gubigubi, anaopoa minofu kwa kijiti. Mume wangu, aliyekuwa amewahi kurudi na maji, amejivika shati kichwani asimwone mkwewe, kifua wazi, anapapasa kama mtu aliyezimikiwa taa.

"Toa kuni!" Mama anafoka, akiwa amelielekea pipa na kumpa mkwilima mgongo.

"Zipi, Mama?"

"Hizo zinazowaka, kwani zipi!"

Akapapasa, akashika pipa lenyewe. Alivyoruka! Mama akaanza kucheka ndani ya khanga, mara ya kwanza tangu msiba, na Gaudensi akacheka ndani ya shati, nami nikaangusha kikapu cha nyanya.

Nyama ilipona. Mama akarudi upande wake kwa aibu. Gaudensi naye alikaa na mkono wake umefungwa kitambaa, akilitazama pipa. Mimi nilijua anachokipenda mtu huyu. Ana kazi, ana kanisa, ana sisi. Lakini cha kwake mwenyewe, cha kumfurahisha bila sababu, kilikuwa kile tu.

Asubuhi akaling'oa pipa, akalivingirisha mpaka kwenye uwazi wa ua, akalisukumia upande wa Mama. Kisha akasimama nyuma ya mabua, akasema kwa sauti:

"Edina, mwambie Mama mimi nimeshindwa kazi hii. Nataka mtu wa kunibanikia. Nyama nitaleta, kuni nitapasua. Ujira ni unga, na kila mnofu wa tano ni wake. Mwambie huu siyo ukarimu, ni kibarua. Jasho la mtu halina ukwe."

Sikufikisha ujumbe. Upande wa pili nikasikia Mama anagonga bati la pipa kwa vidole.

"Mwambie mnofu wa tano ni mdogo," akasema. "Wa nne."

"Wa nne," akajibu Gaudensi haraka.

"Na unga usiwe na chenga."

Jumamosi lori likapiga honi barabarani. Nikakimbilia kwa Mama, kwa maana kibarua kina mwanzo na kina kuacha. Nikamkuta ameinama mbele ya pipa, jicho moja amelifumba kwa moshi, shavu limevimba kwa mnofu.

"Mama, lori."

Akatafuna taratibu mpaka akameza.

"Kawaambie waende," akasema. "Nina kazi."