Unene wa Mama Riziki

Siyo kweli kwamba mnene akiungua anaweza kuishi kwa mafuta yake mwenyewe. Nawaambia hivyo nyie mnaoanza kazi wodini kwa sababu siku yangu ya kwanza niliambiwa uongo huohuo. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Nilikuwa nimemaliza fomu foo, nikatoka kwetu Katubuka, jirani na Ujiji, kwenda kuwa mhudumu kwenye kituo cha kupokea watu waliovuka ziwa.

Mama Riziki, Mkongo, mnene kweli, alimwagikiwa na sufuria la mawese ya moto. Kifua, tumbo, mapaja, vyote viliungua. Msimamizi wa jiko akampunguzia uji ili awape waliokonda.

"Binti, huyu anayo mafuta ya kwake," akasema huku anajipigapiga kitambi. "Njaa itachelewa kumfikia."

Nilitamani kummwagia ule uji.

Sista wa wodi, muuguzi aliyekuwa mkubwa wangu, alinieleza tukibadilisha bandeji. Mtu akiungua vibaya, mwili unachemka kama injini isiyozimwa, hata akilala. Mafuta yaliyohifadhiwa yanaanza kuunguzwa kutoa joto tu, mengine yanamwagika kwenye damu na kujaa kwenye ini. Kidonda hakijengwi na mafuta hayo. Kinataka protini, na asipokula, mwili unatafuna misuli yake.

"Mshike mkono," Sista akasema. Nikashika. Chini ya ule unene, msuli ulikuwa umelegea kabisa.

Sista akaagiza apewe uji wa mawese mara mbili, na dagaa juu. Msimamizi akajibu, "Sista akitaka hivyo, apike mwenyewe." Na wifi ya Mama Riziki, aliyekuwa anamuuguza, naye akakataa dagaa.

"Dada, dagaa na mawese vinaleta usaha. Kwetu aliyeungua anakunywa uji mweupe."

"Usaha unaletwa na uchafu, wifi," nikamjibu.

"Wewe umezaa wangapi hata unifundishe kuuguza?"

Mama Riziki akafumbua macho. "Mnagombania tumbo langu, na mwenye tumbo ana njaa."

Nimefanya kazi vituo vingi, mpaka Ilagala, nimestaafu, na bado nikimsikia mtu anasema mnene ana akiba, damu inanichemka.

Jioni ile niliamua. Asubuhi ningepita mwaloni Ujiji, wavuvi wanakoshusha samaki, ninunue dagaa, niwatwange, niwachanganye kwenye uji wa mawese. Ningeufikisha kitandani wakati msimamizi anapita na ndoo yake ya uji, aone. Na kijiko cha kumlishia angeshika wifi mwenyewe.