Hoki ya Uani

Mdogo wangu hoki nimemfundisha mimi, uani kwetu Matrah, penye bandari ya Maskati, na ukimsikia mtu anakwambia vingine, mwambie aje anione.

Unguja nilikuwa nikichezea timu ya shule ya wasichana. Mwaka 1964 tukahamia Maskati, mimi nna miaka kumi na tano, gongo langu la hoki nimelizungushia kanga mbili lisikwaruzike safarini. Siku ya pili tu nikamuuliza shangazi aliyetupokea: wasichana wa hapa wanachezea wapi? Akanitazama, akamtazama mama, akaendelea kuchambua mchele. Uwanja haukuwapo. Hata shule ya kunipeleka mimi haikuwapo. Nilipigwa na butwaa, wallahi.

Basi nikamvaa mdogo wangu wa kiume. Alikuwa na miaka kumi na moja, hana habari na hoki, anapenda kulala na kula tende. Kila siku baada ya Alasiri nilimtoa kitandani kwa sikio. Ua wetu ulikuwa hatua kumi na mbili kwa nane, na ndani yake mna kisima, jiko, mitungi mitano ya maji na kuku wa mama. Nikamwambia apitishe mpira katikati ya vyote hivyo. Akigusa mtungi, anaanza upya. Akifika ukutani, anageuka na mpira wake, anarudi.

Kupiga, hapana. Wiki ya kwanza alipiga mara moja, mpira ukaruka ukuta ukaangukia kwa jirani, mzee wa watu anatawadha, ukampita sikioni. Baba alikwenda kuomba radhi, akarudi amevimba. Akasema siku atakayosikia tena mpira unapigwa nyumbani kwake, gongo litapikiwa wali. Namjua baba yangu, hasemi ovyo. Tangu siku ile tukawa tunasukuma tu. Miaka minne, kusukuma na kugeuka, kusukuma na kugeuka, mpaka yule mtoto mpira ukawa kama umefungwa uzi kwenye gongo lake. Nilijiona mwalimu hasa. Nilikuwa na maringo, sikatai.

Mwaka 1968 timu ya kwanza ya Matrah ikatafuta vijana. Mwalimu wake alikuwa Mhindi mmoja mtu mzima, aliyekaa Mombasa miaka mingi, Kiswahili chake safi. Wachezaji wake walikuwa wakipata kazi bandarini, na kwetu wakati ule kazi ilikuwa adimu kama maji jangwani. Baba alikuwa akiumwa kifua, hatuna mwingine wa kutegemea. Mdogo wangu akichukuliwa, nyumba imepona.

Siku ya majaribio mimi na mama tulipanda juu ya paa. Uwanja wa changarawe ulikuwa nyuma ya nyumba za mwisho, tunauona wote. Alipewa mpira, akampita wa kwanza, akampita wa pili. Wa tatu alimwacha kakaa chini. Watu wakaanza kupiga makofi. Amebaki yeye na mlinda goli peke yao, nami nimemkamata mama mkono mpaka analalamika.

Akageuka.

Aliligeuzia goli mgongo, mpira karibu na miguu, akarudi alikotoka. Nikadhani anafanya madaha. Mara ya pili akafika palepale, akageuka tena, na sasa watu wanacheka. Mara ya tatu mlinda goli mwenyewe alisimama mikono kiunoni, anamngoja. Wakampigia kelele apige. Akausukuma ule mpira, ukaenda polepole, mlinda goli akauzuia kwa kiatu.

Uwanjani hapakuwa na ukuta, lakini mdogo wangu aliuona, na niliyemwekea ni mimi. Mama aliniuliza kwa nini mtoto hapigi.

Kesho yake Alasiri yule mwalimu akaja nyumbani. Baba na mdogo wangu walikaa naye sebuleni, sisi wanawake nyuma ya pazia. Nilijua kaja kutupa pole.

"Sheikh," akamwambia baba, "mwanao ana mikono sijapata kuiona. Nani kamfundisha?"

Nikamwomba Mungu baba ataje mjomba yeyote. Mdogo wangu akamuwahi.

"Dada yangu."

Nilisikia kikombe kinawekwa chini. Baba akakohoa. Mwalimu hakucheka. Aligeukia pazia, akapaza sauti kidogo.

"Bibi, umefanya kazi kubwa."

Sikuamini masikio yangu. Tangu tufike Maskati hapana mtu aliyewahi kuniambia neno kama lile. Kisha akamgeukia baba.

"Namchukua, na kazi bandarini nitamtafutia. Lakini nna sharti. Humu uani asicheze tena. Akigeuka hapa mara moja tu, mimi nimekula hasara ya wiki nzima. Kuanzia leo dada yake asimfundishe."

Baba akasema mwenye kujibu ni kijana mwenyewe. Nilishika pazia. Nilitaka akubali, miaka minne nimemwombea hilo kila sala. Na nilitaka akatae, au japo aombe Ijumaa moja moja za kucheza nami. Mdogo wangu hakumeza vizuri hata kahawa iliyokuwa mdomoni.

"Sawa, mwalimu."

Mama akaninong'oneza, "Kapata, mwanangu. Hongera." Nikasema alhamdulillahi, na nilikuwa nasema kweli. Kisha nikakaa chini palepale, kwani ndipo nilipotambua kuwa miaka yote ile mchezaji nilikuwa mimi, na mtu wa kucheza naye ndiyo keshachukuliwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.